Dakika Arobaini za Mama Blessing

Nilipohamishiwa Mwabasiga kuwa mtendaji wa kijiji, mtu wa kwanza kuniuliza swali nisilokuwa na jibu lake alikuwa mama ntilie. Ilikuwa wiki yangu ya pili. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la kibanda chake kando ya machimbo, nakunywa chai, na yeye anakaanga chapati. Bila kuniangalia akaniuliza, "Mtendaji, sasa hivi tunavyoongea, chini ya ardhi kuna watu wangapi?"

Nikamwambia labda mia moja, labda mia mbili. Akageuza chapati.

"Mia moja sabini na tatu," akasema. "Wawili wa kwa Maduhu hawakunywa chai leo, ila niliwaona wakiingia."

Jina lake ni Zipora, lakini huku hakuna anayemwita hivyo. Ni Mama Blessing, kwa jina la binti yake wa pekee, ambaye sasa ni muuguzi Shinyanga mjini. Wakati huo alikuwa na miaka arobaini na minane, mrefu, mkavu wa mwili, sauti yake ya chini kiasi kwamba wachimbaji waliozoea kupayuka iliwabidi wanyamaze ili wamsikie. Alizaliwa karibu na Maganzo, kwa baba aliyechekecha mchanga wa almasi miaka ishirini na kuambulia nyumba ya bati na mgongo mbovu. Aliolewa, akaja na mumewe upande huu wa dhahabu. Mume akasikia kuna dhahabu imelipuka kwingine, akaifuata, asirudi. Zipora akabaki na mtoto mgongoni na masufuria mawili, na kwa masufuria hayo akamsomesha Blessing mpaka chuo.

Hapa kwetu shimo la kuchimbia dhahabu linaitwa duara, ingawa lina kona nne. Linashuka wima mita thelathini, hamsini, mengine yanafika sabini. Kuta zake hushikiliwa na magogo tunayoyaita matimba, na huko chini hugawanyika kufuata mwamba kama mizizi ya mti. Mwabasiga tulikuwa na maduara thelathini na nane. Ukisimama juu mchana usingeona watu, ungeona mashimo, vifusi na winchi. Watu wote walikuwa chini, na mimi niliyekuwa mtendaji wao sikujua idadi yao.

Kwa nini yeye aliijua, alinisimulia kidogo kidogo, siku mbalimbali. Kaka yake wa kufuatana, Ngusa, alifukiwa kwenye machimbo mengine mwaka 2009. Mvua ilinyesha, ukingo ukamomonyoka, duara likajaa kifusi. Watu wakabishana siku mbili nzima kama Ngusa yumo au hayumo. Mmoja aliapa kuwa alimwona akipanda gari la kwenda Nkome kufuata dagaa. Mwingine akasema ameonekana Kharumwa, dukani. Kwa kuwa hakuna aliyekuwa na hakika, hakuna aliyeanza kuchimbua. Zipora alisafiri hadi Nkome mwenyewe, akazunguka mwaloni akiulizia kwenye vichanja vya dagaa na kwenye mitumbwi, mmoja baada ya mwingine. Siku ya tatu alirudi na kukuta wameanza kuchimbua. Walimkuta Ngusa amekaa, ameegemea mwamba, amevua mabuti yake na kuyapanga pamoja pembeni, kama mtu anayejiandaa kulala. Mganga aliyemkagua alisema amekufa jana yake tu.

"Mimi nilikuwa Nkome," aliniambia, "nanusa dagaa. Na yeye ananisubiri."

Tangu hapo akawa anahesabu. Hakuandika popote. Kila asubuhi wachimbaji walipita kwake kunywa chai kabla ya kuingia, na yeye aliziweka sura zao kichwani, nani kaingia duara lipi. Jioni aliwahesabu tena wakitoka. Asipomwona mtu, alimtafuta mpaka ampate, hata kama yuko kwenye pombe. Wengine walimcheka. Walisema Mama Blessing ana deni na Mungu la kuchunga watu.

Mwaka 2022 yalikuja maelekezo kuwa kila kijiji kiwe na kamati ya maafa. Nakiri hapa kwamba niliyapokea kama nilivyopokea maelekezo mengi. Nilichukua karatasi nikaanza kuandika majina yale yale yaliyo kwenye kila kamati. Kwenye mkutano wa kijiji nikayasoma, na mzee mmoja wa mifugo, Jilala, akanyoosha mkono. Akasema kama ni mambo ya watu kufa, mbona jina la mayu wa chapati halimo? Mayu kwa Kisukuma ni mama. Watu wakapiga makofi, na Zipora akawa mwenyekiti wa kamati ambayo mimi niliiona ni ya kwenye karatasi tu.

Wiki hiyo hiyo akaja ofisini kwangu na kukaa. Akaniambia niandike barua kwa halmashauri, yeye aseme, mimi niandike. Ilikuwa barua fupi. Ilisema kwamba Mwabasiga kuna watu kati ya mia moja na hamsini na mia mbili na thelathini ambao kila siku wako chini ya ardhi, kwamba juu yao kwenye mwinuko kuna lambo la ng'ombe lenye tuta la zamani, kwamba hakuna mtu anayelilinda lambo hilo, na kwamba kijiji kinaomba mtaalamu aje aangalie kwa macho yake. Niliituma nikiamini itakufa mezani mwa mtu. Baada ya miezi miwili akaja mhandisi wa halmashauri, binti anaitwa Zuhra, mzaliwa wa mjini, na mabuti ya mvua kwenye begi. Alitembea siku tatu. Alipima mteremko, akachimba vishimo kwenye tuta la lambo, akashika udongo na kuufikicha kwa vidole. Siku ya tatu jioni akakaa kwenye benchi la Mama Blessing.

"Mnajua kwamba mnachimba kwenye njia ya maji?" akauliza.

Hatukujua. Bonde lilikuwa kavu tangu enzi za mababu. Zuhra akatuonyesha mchanga na kokoto za mviringo zilizokuwa chini ya miguu yetu siku zote. Maji yaliwahi kupita pale, alisema, na njia ya maji haifi, inalala tu.

Mkutano uliofuata ulikuwa mgumu. Halmashauri ilikuwa tayari kuchangia kazi moja kubwa kijijini mwaka huo. Diwani wetu, Nkwabi, alitaka paa la soko. Mimi nilikuwa upande wake. Soko tuliliona, kila Jumanne akina mama waliuza mchele juani na mvuani. Zuhra naye alileta mchoro wa tuta la udongo la kupinda, lenye urefu wa mita mia nne, la kusimama kati ya lambo na machimbo na kuyageuzia maji mbugani. Pamoja nalo king'ora, redio mbili za mawasiliano, kamba za uokoaji, na mafunzo kwa watu kumi na wawili.

Maduhu, mwenye duara kubwa kuliko yote, alimuuliza kama tuta hilo litazuia maji ya lambo likipasuka. Zuhra hakumdanganya. Alisema halitazuia. Maji yatalipanda na kulivuka. Litayachelewesha tu, kwa hesabu yake, dakika arobaini.

Watu walicheka. Maduhu akarudia kwa sauti ili wa nyuma wasikie, kwamba serikali inataka kutununulia dakika arobaini. Nami nilicheka, sitaficha.

Zipora akasimama. Alingoja mpaka kicheko kiishe.

"Kutoka chini kabisa ya duara lako, Maduhu, mtu mzima akipanda bila kupumzika anatumia dakika ngapi?"

Maduhu akafikiri. Akasema kumi na tano, ishirini.

"Basi hizo dakika ndizo ninazoziomba," akasema Zipora. "Soko likikosa paa tutalowa. Mimi nimelowa miaka ishirini na nipo hapa."

Akakaa. Kaka yake hakumtaja. Mikono ilipohesabiwa, tuta lilishinda kwa kura kumi na nne. Nkwabi aliondoka amenuna. Mimi niliandika muhtasari kwa mwandiko mbaya.

Kiangazi kilichofuata katapila la halmashauri likaja na vijana wakashindilia udongo tabaka kwa tabaka. Zuhra alisimamia kila tabaka. Aliwafanya warudie sehemu moja mara tatu. Pale juu lamboni ikasimikwa nguzo iliyopakwa rangi, kijani chini, njano katikati, nyekundu juu, na Jilala, ambaye ng'ombe wake walinywa pale kila siku, akapewa redio moja na posho kidogo ya kuiangalia nguzo hiyo asubuhi na jioni. Redio ya pili ikawekwa kwenye kibanda cha Mama Blessing, kwa kuwa ndiye mtu pekee machimboni ambaye hakosekani. King'ora kikafungwa kwenye mlingoti karibu naye. Kwa kuwa king'ora hakisikiki mita sitini chini, kila duara likashushiwa waya wenye kengele mwisho wake. Zipora naye akawaomba maseremala ubao mpana wenye misumari. Kila mchimbaji akapewa kibao chenye jina na namba ya duara. Ukiingia unakitundika, ukitoka unakitoa.

Halafu yakaja mazoezi. King'ora kinalia, kengele zinavutwa, watu wote wanapanda. Mara ya kwanza walitumia saa moja na dakika ishirini, na wengine walipanda na mifuko ya mawe mgongoni. Wenye maduara wakalalamika kwamba wanapoteza kazi. Zipora aliwasikiliza, akawapa chai, na baada ya wiki mbili akakivuta king'ora tena. Alifanya hivyo mara saba. Mara ya saba walitumia dakika thelathini na sita.

Desemba ya 2023 mvua ilikuja tofauti. Sisi tumezoea mvua inayonyesha kwa hasira saa moja kisha inaondoka. Hii haikuwa na hasira. Ilianza Jumapili na haikusimama. Jumatatu nguzo ya lambo ilikuwa njano. Jumanne jioni maji yakagusa nyekundu. Zipora alitaka maduara yafungwe, na mengi yalifungwa, lakini mwamba mzuri ulikuwa umepatikana wiki ile na Jumatano asubuhi mvua ilipungua kidogo. Watu wakaingia. Alisimama mlangoni mwa kibanda akiwaangalia wanavyotundika vibao. Nilikuwapo, nimekimbilia upenuni kwake kujikinga na manyunyu.

Simu hazikuwa na mtandao tangu alfajiri. Saa nne na dakika tano redio ikakohoa. Alikuwa Jilala.

"Mayu, maji yanatoka chini ya tuta la lambo. Upande wa mashariki."

Zipora akaichukua. "Safi au ya tope?"

Zuhra alikuwa amewafundisha hilo wote wawili. Tuta likitoa maji safi ni jasho lake tu. Likitoa tope, linaliwa kwa ndani.

"Tope," akasema Jilala. "Na shimo linapanuka. Nimeshawaondoa ng'ombe."

Nilimwona akiipua sufuria ya chai motoni na kuiweka chini vizuri isimwagike. Kisha akakivuta king'ora.

Nilikimbilia maduara ya chini kuhakikisha kengele zinavutwa. Nilijua wa kwanza kubisha atakuwa Maduhu, na njiani nilikuwa natunga maneno ya kumwambia. Nilipomfikia alikuwa amekwishavuta waya wake mara tatu, amepiga magoti kwenye ukingo, anawamulikia tochi watu wake. Hakunitazama hata.

Sijui nieleze vipi kilichofuata. Nimeona minada ya ng'ombe, nimeona mikutano ya kampeni, nimeona watu wengi. Lakini sijawahi kuona uwanja mtupu, wenye vifusi na mvua tu, ukianza kutoa watu kutoka ndani yake. Kichwa kimoja chenye tochi, kisha kingine, kisha mashimo thelathini na nane yote kwa pamoja. Walitoka wekundu kwa udongo toka nywele hadi vidole, hutambui nani ni nani, macho tu ndiyo meupe. Hawakupiga kelele. Walikimbia hadi kwenye ubao, kila mmoja akatoa kibao chake, akapanda mwinuko wa upande wa shule kama walivyozoezwa. Mkondo wa watu ulikuwa mrefu, na mashimo yalizidi kutoa. Ndipo nilipoelewa kwa mara ya kwanza ni watu wangapi tuliokuwa tumewakalia juu siku zote zile, tukinywa chai.

Dakika ya kumi na mbili tangu king'ora kilie, lambo lilipasuka. Hatukuliona, tulilisikia. Mlio wake ulikuwa kama malori mengi yanayomwaga mawe kwa wakati mmoja, na haukukoma. Kisha maji yakatokea bondeni, ya rangi ya kahawia, yamebeba migunga mizima ikiwa bado imesimama, kama msitu unaotembea. Yalilifikia tuta la Zuhra. Nilifumba macho.

Nilipofumbua, maji yalikuwa yamesimama. Yalikuwa yanajizungusha na kupanda, yanatafuta pa kupita, kisha polepole yakapinda kuelekea magharibi, mbugani, kama ng'ombe mkali anayegeuzwa na fimbo ya mtoto. Tuta la udongo. Tulilolishindilia kwa miguu yetu.

Ila maji yalizidi kupanda. Kila dakika yalikuwa juu zaidi.

Dakika ya ishirini na saba ubao ulikuwa umebaki na vibao viwili, Wiliam na Fredy, wote wa duara la kumi na moja. Hakuna aliyesema labda wameondoka, labda wameonekana mahali. Vibao vilikuwa pale. Mwenzao aliyetoka mwisho akasema ngazi ilivunjika, Wiliam akaanguka na kuvunjika mguu, na Fredy amekataa kumwacha.

Duara la kumi na moja lilikuwa na njia ya pili chini kwa chini hadi duara la tisa. Zuhra alilazimisha ichimbwe, na wenye maduara walimlaani kwa hiyo kazi. Maduhu alikuwa mmoja wa wale kumi na wawili waliofundishwa. Alikwishavaa mkanda wa kamba. Pamoja naye walikuwa wengine wawili. Zipora alimshika mkono, akamwonyesha saa yake.

"Una dakika kumi," akamwambia. "Ukisikia kengele, panda. Hata kama hujawafikia, panda."

Maduhu alimwangalia. Alijua anachoambiwa. "Sawa, mayu," akasema, akashuka kwenye duara la tisa.

Zile dakika sitazisahau. Watu zaidi ya mia mbili juu ya mwinuko, mvua inawaosha na sura zao zinarudi taratibu, huyu nikamtambua, na huyu. Zipora amesimama peke yake kwenye mdomo wa duara la tisa, mkono mmoja kwenye waya wa kengele, mwingine ameuinua usawa wa macho, anatazama saa. Nyuma yake maji yanalamba ncha ya tuta. Mimi na wengine watano tukateremka kwenda kushika winchi.

Dakika ya tisa tangu washuke, kamba ilikaza. Winchi tukaizungusha sote sita. Wa kwanza kutoka alikuwa Wiliam, mguu umefungwa kwenye kipande cha timba, amezimia kwa maumivu. Kisha Fredy. Kisha wale wawili. Maduhu alitoka wa mwisho, akajaribu kusimama, akaanguka, wakamburuta.

Tulikuwa bado tunapanda mwinuko maji yalipolivuka tuta. Ilikuwa dakika ya arobaini na tatu. Yalishuka machimboni yote kwa mara moja, na hapo nikaona jambo ambalo hata wachimbaji wa zamani hawakuwahi kuliona. Yalipoingia kwenye maduara ya juu, hewa iliyokuwa chini ilikosa pa kukaa ikatokea kwenye maduara ya chini. Mashimo yalinguruma. Yalitupa matimba, ndoo na matope juu kuliko nyumba, moja baada ya jingine, kama ardhi inayokohoa. Kibanda cha Mama Blessing kilikwenda na mabenchi yake. Kisha kukawa kimya. Pale palipokuwa na maduara thelathini na nane pakawa na ziwa, na mvua ikilitoboatoboa.

Mzee mmoja alivua kofia. Mtu akasema "wabeja," asante, kwa sauti ya chini, na sijui alimwambia nani. Wengine wakalirudia, na likaenea mwinuko mzima kwa mnong'ono.

Zipora hakuuamini ubao. Alipita kati ya watu akimgusa kila mmoja begani, midomo inacheza. Alifika mwisho, akarudi, akaanza tena. Mara ya pili alipomaliza akanijia.

"Mia mbili na kumi na moja," akasema. "Wote." Akakaa kwenye tope, na Maduhu akakaa karibu naye.

Mvua ile ile ilinyesha pia upande wa pili wa kilima, kwenye machimbo mengine yaliyofunguliwa miaka miwili nyuma. Kule hakukuwa na lambo, kulikuwa na kijito tu kilichofurika. Hakukuwa na tuta wala king'ora, na barua za kuomba zilikuwa bado hazijaandikwa. Habari zilitufikia jioni. Kwanza walisema watu saba, kesho yake ishirini, kesho kutwa tisa. Hakuna aliyejua nani yumo. Zipora alikwenda siku ya pili, na kamba zetu, na watu wetu kumi na wawili. Nilikwenda naye. Tulikaa huko siku kumi na moja mpaka miili yote ilipotolewa. Ilikuwa kumi na minne.

Huko alikuwako mwanamke anaitwa Nyamizi, mama ntilie kama yeye, ambaye mume wake alikuwa mmoja wa wale kumi na wanne. Siku ya mazishi alikuja kukaa kando ya Zipora kwenye mkeka. Kisha akauliza, "Dada, kwenu mlitumia nini?"

Zipora akamweleza bila haraka. Tuta. Redio mbili. King'ora. Waya wenye kengele. Ubao wa misumari. Watu waliofundishwa kushuka kwa kamba.

"Tuta la zege?"

"La udongo."

Nyamizi akaangalia kilima, vifusi, shamba, barabara. "Hapa udongo upo mwingi," akasema.

Zipora alimshika mkono mpaka jua lilipopungua.

Mwezi wa pili baraza la madiwani lilituita. Zuhra alizungumza kwanza, na hakusema mengi. Alisema mafuta yaliyochomwa na mitambo kwa siku kumi na moja za kutafuta miili upande wa pili wa kilima yalizidi mafuta yote yaliyotumika kujenga tuta la Mwabasiga, na kwamba wale waliotafutwa kwa mafuta hayo hawakurudi. Kisha Nkwabi, diwani wetu, akasimama. Nilidhani ataeleza jinsi alivyounga mkono tuta tangu mwanzo, kama wanasiasa wafanyavyo. Alisema, "Mimi nilipigania paa la soko. Mwanangu wa tatu alikuwa duara la ishirini na nne." Akakaa.

Walipompa Zipora nafasi, alisimama na mkoba wake kwapani. Aliwaambia tuta letu limeliwa theluthi moja na litengenezwe kabla ya vuli. Aliwaambia lambo lijengwe upya na fundi anayejua udongo. Aliwaambia kwamba katika wilaya kuna machimbo mengi, yeye ameyazunguka, na mengi yapo kwenye njia za maji zilizolala. Mmoja akamuuliza kwa upole, mama, utafanyaje siku maafa yasipokuja, fedha ikawa imetumika bure?

"Nitawapikia chai," akajibu. "Watakuwapo wa kuinywa."

Fungu lilipitishwa kwa machimbo sita. Si mengi, na Zipora hakuficha kwamba si mengi. Mimi niliyeandika muhtasari wa kwanza kwa mwandiko mbaya niliomba kuuandika huu, ingawa haikuwa kazi yangu.

Machimbo ya Mwabasiga yalivutwa maji kwa pampu hadi mwezi wa nne. Wiliam anatembea kwa kuchechemea, anaendesha winchi sasa, hashuki. Mama Blessing ana kibanda kipya, cha matofali.

Kazi ya kwanza kati ya zile sita ilianzia upande wa pili wa kilima. Nilikuwapo asubuhi katapila lilipofika. Zuhra alikuwa ameshika mchoro, anatafuta tuta lianzie wapi, na alama za mafuriko zilikuwa zimefutika kwa majani mapya. Nyamizi akampita, akatembea hadi kwenye mkuyu uliosimama bondeni, akanyoosha mkono juu ya kichwa chake, mpaka akasimama kwa ncha za vidole, akaliwekea gome kiganja.

"Yalifika hapa," akasema.

Zuhra akaukunja mchoro, akaenda pale alipokuwa, akapiga msumari wa alama kando ya kiganja cha Nyamizi.